Majina Niliyoyakata kwenye Kitabu cha Biryogo

Wenzangu wa karakana, mlipokuja kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie maelekezo machache ya gundi na ya kushona. Saa nimeitundika. Maelekezo ya gundi yamo kwenye daftari la kijani ndani ya droo ya presi, na kama hamjalifungua mpaka leo, hata nikiandika upya hamtasoma. Kwa hiyo nawaandikia jambo ambalo halimo kwenye daftari: jinsi nilivyojifunza kazi hii, na kitabu kimoja nilichokiharibu kwa mikono yangu, kisha nikakitengeneza kwa mikono hiyohiyo. Anayetaka habari za vyeo na mishahara yangu aende masijala. Faili langu lipo, na ni jembamba.

Niliingia karakana mwanzoni mwa mwaka 1990, nikiwa na miaka ishirini na mitano. Wakati ule ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kiwanda cha chapa, mjini, chenye madirisha yaliyo juu mno kiasi kwamba huoni kitu ila mawingu. Tulijalidi madaftari ya komini, yaani serikali za mitaa, rejista za shule, vitabu vya ubatizo vya maparokia. Mkuu wetu alikuwa Mzee Lewopoldi, Mrundi aliyejifunza kazi kwa mapadri Bujumbura, akaoa huku Kigali na kubaki. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, rozari iko mfuko mmoja wa aproni na sindano ziko mfuko wa pili. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa mtaa wa Biryogo. Kilichotukutanisha ni Kiswahili, maana yeye alikuwa na kile cha Bujumbura na mimi na kile cha kwetu, na wengine wote mle ndani walituita Waswahili na kutuacha tuzungumze.

Siku ya kwanza alinipa mfupa. Ulikuwa ubavu wa ng'ombe alioupiga msasa mwenyewe mpaka ukawa laini, wa kukunjia karatasi. Akaniwekea rundo la karatasi na kuniambia nikunje. Nilikunja wiki tatu. Kila jioni alichomoa mkunjo mmoja, akauinua kuelekea dirishani, halafu akaukunjua mbele yangu, maana yake kesho nianze tena. Wiki ya nne alichomoa mmoja, akautazama, akaurudisha. Nilitoka pale nikitembea kifua mbele mpaka Nyamirambo, na sina haya kusema kwamba sijawahi kufurahia kitu kazini kuliko ule mkunjo uliorudishwa mahali pake.

Baada ya kukunja alinifundisha kushona mafungu kwenye fremu, kisha gundi ya unga wa muhogo yenye shabu kidogo ya kufukuza wadudu. Gundi aliionja kwa ulimi. Mwisho kabisa, mwaka wa pili, akaniruhusu kugusa masiko, ile mashine kubwa ya kukatia kingo, ambayo jina lake tulilichukua kwa Kifaransa na kulipunguza kama tulivyopunguza kila kitu kilichopita chini yake. Kila kazi iliyoingia ilipita kwenye masiko, pande tatu. Kingo zilizotiwa vumbi, jasho la vidole na michoro ya makarani waliochoka, zote zilitoka nyeupe. Mzee alisema kitabu kisichokatwa kingo ni mtu aliyevaa suti akasahau kunyoa ndevu. Nikawa mkataji mzuri kuliko yeye, na nilijua hivyo, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mwaka 1992 alikuja fundi nguo wa Biryogo, Mzee Shabani, na kifurushi ndani ya kanga. Vita vilikuwa vimeshaanza kaskazini na mjini kulikuwa na vizuizi, na yeye alikuwa amefungua kifurushi kile mara mbili njiani ili askari waone kwamba ni kitabu tu. Kilikuwa kitabu cha dua, Kiarabu kwa herufi kubwa na Kiswahili kwa herufi ndogo katikati ya mistari, Kiswahili chenyewe nacho kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jalada lilikuwa limekufa, uzi umeoza, mafungu yamelegea. Ukurasa wa mwisho ulisema kimechapwa Bombay, na mwaka wa Hijria ulikuwa umeliwa nusu na mchwa. Mzee Lewopoldi hakuweza kusoma hata neno moja, lakini alikishika muda mrefu kuliko kitabu chochote nilichowahi kumwona akikishika. Akatuonyesha kwamba hakuna herufi ya risasi iliyopangwa mle. Mtu aliandika kila ukurasa kwa mkono, maandishi yakahamishiwa juu ya jiwe, na jiwe likapigwa chapa. Ukitazama vizuri, alisema, utaona mahali alipochovya kalamu upya. Alikuwa amewahi kuona kimoja tu cha namna hiyo, kwa mapadri, na hawakumruhusu kukigusa.

Mzee Shabani alitaka kishonwe na kuvalishwa jalada jipya. Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza. Mzee Lewopoldi akaniachia kushona, naye akaenda Butare kumzika shemeji yake.

Nilishona siku mbili. Naweza kusema leo, baada ya miaka zaidi ya thelathini, kwamba mshono ule ni mmoja wa mishono mitatu bora ya maisha yangu. Nikiwa nashona niliona maandishi ya wino pembeni mwa kurasa kadhaa, yamesimama wima kwenye ukingo wa nje, mikono mbalimbali, wino mbalimbali. Niliyaona. Hilo lazima nilikiri, maana miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuyaona. Niliyaona nikayahesabu kuwa uchafu, kama ile michoro ya makarani. Nikataka Mzee arudi akikute kitabu kimenyolewa. Nikakibana, nikashusha kisu, pande tatu, upana wa nusu kidole. Kingo zilitoka safi mpaka nikazipitishia shavu.

Jumatatu yake Mzee Shabani alikuja na kipande cha kitambaa cha kijani cha kuvalisha jalada. Mzee Lewopoldi alikuwa ameshika kazi tena na tulikuwa wote wawili mezani. Nilimpa kitabu nikisubiri sifa. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka mpaka katikati, akarudi mwanzo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, majina yako wapi?"

Alituelezea akiwa amesimama. Kila aliyepata kukimiliki kitabu kile aliandika jina lake ukingoni, kwa mkono, kila mmoja ukurasa wake. Siku ya kukitoa, majina yalisomwa mbele ya watu toka la kwanza mpaka la mwisho, ndipo anayepokea akaandika lake. Jina likikosekana, kitabu kimekatika hapo. Asiyeandikwa hakuwa nacho, na asiyekuwa nacho hakuweza kumpa mtu. Kilitoka Bagamoyo mkononi mwa mfanyabiashara, kikaenda Ujiji, kikaenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kikaingia Kigali na baba yake, kikashikwa na mama yake, kikamfikia yeye. Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya sala, alitaka kumpa binti yake Rehema aliyekuwa akifundisha watoto chuoni. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa amepita miaka themanini, na alichobakiza kutaka duniani ni kuona kitabu kikitoka mkono mmoja na kuingia mwingine kwa njia yake.

Nikaanza kusema habari za mashine. Akanikatiza kwa upole, "Na mimi ni fundi, binti. Nikikata nguo ya mtu siwezi kumwambia mkasi ndio umekata." Akakikunja kitambaa chake cha kijani, akakiweka juu ya kitabu, akaviacha vyote viwili mezani na kuondoka. Niliona aibu ambayo sijaiona tena, na nimeishi miaka mingi ya kuona aibu.

Mzee Lewopoldi hakunigombeza. Aliuliza tu mavunguzi yako wapi, ndivyo tulivyoviita vipande vinavyoanguka chini ya masiko. Mavunguzi yalikuwa yameondoka Jumamosi. Fundi mmoja wa makochi wa Gisozi alikuwa na desturi ya kuja kila wiki na gunia kuyachukua, akayashindilia ndani ya mito pamoja na maranda ya mbao.

Nilishuka Gisozi kwa miguu siku ileile. Yule fundi alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia mito yake imejaa rejista za komini zote, watu wanakalia serikali na hawajui. Lakini nilipomweleza kwamba ni majina ya marehemu, aliacha kucheka, akachukua wembe na kufumua mito miwili aliyokwisha kuifunga. Karatasi za serikali zilikuwa nyeupe, zile za Bombay za rangi ya chai, kwa hiyo sikupata taabu kuzitenganisha. Mto wa tatu ulikuwa umekwenda Kibagabaga kwa bi harusi. Huko nako nilikwenda kesho yake, nikambembeleza mama mkwe mpaka akaniletea mkasi mwenyewe, na mle ndani sikupata kitu ila maranda. Kwenye kizuizi askari aliukung'uta mfuko wangu, akakuta vipande vyembamba vyenye maandishi ya Kiarabu, akaniuliza ni siri gani hizi. Nilimwambia ni kosa langu la kazini. Nadhani uso wangu ulimtosha, maana aliniachia.

Nilipata majina matano. La Bi Mwanaidi halikuwepo.

Yale matano niliyarudisha kwa namna ambayo bado mnaitumia karakana, ingawa hamjui ilikoanzia. Tulichukua ile karatasi nyembamba ya nakala ya taipureta, tukaipasua kwa vidole ili ncha zake ziwe na nyuzi, tukaipaka gundi nyepesi na kukiunga kipande kwenye ukurasa wake, nyuma tu, kisha jiwe juu yake mchana kutwa. Mzee alishika taa na mimi nilishika koleo. Maungio yalionekana. Nilitaka kuyaficha kwa chai, Mzee akakataa. Kitabu kilichokatwa, alisema, kionekane kilikatwa.

Lilibaki moja. Mimi nilisoma chuoni Biryogo na mwandiko wangu wa Kiarabu ni mzuri, na yale matano yalikuwa mbele yangu kama vielelezo. Nilikata kipande kutoka ukurasa mtupu wa nyuma wa kitabu chenyewe, karatasi ileile. Nilipika wino wa masizi. Nikaandika Mwanaidi binti Athumani, wima, kwa mwandiko wa kizamani, na likatoka vizuri mno. Ukiliweka kati ya yale mengine usingelijua. Nilimpelekea Mzee kwa furaha.

Akalitazama bila miwani, halafu na miwani. "Hii iko ya nani?"

"Ya Bi Mwanaidi."

"Yeye ameandika?"

Nilitazama wino kwenye vidole vyangu.

"Bon. Basi iko yako weye," akasema, akanirudishia.

Nilikasirika naye siku nzima. Kisha nikalichana, nikakata kipande kingine kitupu, nikakiunga kwenye ukurasa wake, na siku ya Jumamosi nikakipeleka kitabu Biryogo ndani ya kanga yake.

Bi Mwanaidi alikuwa ameketi uani juu ya mkeka, mwanamke mdogo mwenye macho yaliyoingia ukungu, Rehema yuko pembeni akichambua mchele. Nilisema kila kitu: masiko, makochi, hata lile jina nililoliiga. Nikamwomba, kama mkono wake unaweza, aandike jina lake tena pale kwenye kiraka.

Alikipapasa kiraka kwa kidole. Ndipo akasema, "Tena? Mimi sijaandika hata mara moja, mwanangu."

Kusoma alisoma, kitabu chote, kwa moyo na kwa macho. Kalamu hakupewa. Baba yake alisema kalamu haimfai mtoto wa kike, atakuja kuwaandikia wanaume barua. Lile jina lililokuwa ukingoni aliliandika mumewe, Abdala, siku aliyokuwa akiugua na kumkabidhi kitabu. Yeye alikaa karibu na kutazama. Miaka yote hiyo jina lake lilikuwa mle kwa mkono wa mtu mwingine, na kila liliposomwa mbele ya watu alijua hivyo yeye peke yake.

Nikauliza kwa hiyo tufanye nini. Nilitegemea atasema aandike Mzee Shabani. Bi Mwanaidi akamgeukia mjukuu wake. "Rehema, zimebaki siku ngapi?"

"Sita, bibi."

"Basi nifundishe."

Nilikwenda kila siku baada ya kazi, na sijui nani kati yetu watatu alikuwa mkali zaidi. Rehema alimwandikia jina kwa herufi kubwa kwenye ubao wa watoto, yeye akalifuata kwa kidole, kisha kwa chaki, kisha kwa kalamu kwenye pembe za magazeti. Herufi alizijua zote. Uliokataa ni mkono. Siku ya pili alirusha kalamu na kusema mkono huu umepika, umefua, umeosha maiti na kukanda wazazi, na leo unashindwa na kijiti. Siku ya nne alituamuru tusimsaidie. Siku ya sita nilimfungulia kitabu, nikambania ukurasa kwa mbao mbili, akaandika. Alitumia muda wa kupika chai na kuinywa. Mistari ilitetemeka, na jina lilikuwa refu kuliko kiraka nilichomkatia, kwa hiyo herufi za mwisho zilivuka ungio zikaingia kwenye karatasi ya zamani. Nilimwomba radhi kwa kumkatia kiraka kidogo. Akaniambia nisikiguse.

Ijumaa ile ua ulijaa. Mzee Lewopoldi alikuja na suti, akaketi nyuma karibu na mlango kama mtu aliyeingia kanisa la wengine. Imamu mzee wa mtaa alisoma majina. Juma bin Mbaraka, Bagamoyo. Feruzi, aliyekuwa mpagazi wake akaachiwa kitabu Ujiji. Salimu bin Feruzi, Usumbura. Abdala bin Salimu, Kigali. Alipofika la tano, akainua macho akasita, maana hakuuzoea mwandiko. Bi Mwanaidi akasema hilo atalisoma mwenyewe. Hakuhitaji kuletewa kitabu. Akalitaja jina lake lote, na jina la baba yake aliyemnyima kalamu, kwa sauti iliyofika barabarani. Likasomwa la Shabani, Rehema akaandika lake, na Mzee Shabani akaja kunipa mkono mbele ya watu. Nilikuwa na fahari kubwa siku ile. Bado ninayo.

Tangu hapo mtu akileta kitabu karakana, swali la kwanza ni nini kimeandikwa ukingoni na nani ameandika. Mnaliuliza kwa sababu liko kwenye fomu. Mimi ndiye niliyelitia kwenye fomu.

Bi Mwanaidi alifariki mwaka uliofuata, kitandani mwake, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Mwaka 1994 sitauandika hapa. Sina maneno yake, na wengi mnaonisoma mna yenu nyumbani. Nitasema tu yaliyokihusu kitabu.

Nilirudi karakana mwezi wa nane. Walioiba walichukua hata vitasa vya milango, lakini masiko na presi viliwashinda uzito. Nilikuwa nafagia vioo aliposimama mlangoni Mzee Lewopoldi, amekonda, anaegemea fimbo, kifurushi kiko kwapani. Tulikaa chini. Kisha akanisimulia. Kwenye vizuizi watu walikuwa hawasomi kitambulisho cha mgeni, walisoma sura, na sura yake haikuwapendeza. Mzee Shabani alimtia kwenye chumba cha cherehani, nyuma ya majora, wiki baada ya wiki. Mabomu yalipofika mtaani ikabidi familia ihame. Mzee Lewopoldi mguu ulikuwa umevimba, hawezi kutembea, na njiani watu walikuwa wakinyang'anywa kila walichobeba. Rehema akamwachia maji, unga na kitabu. Alikaa peke yake nacho siku kumi na moja, amekivaa ndani ya shati. Waliporudi walimkuta hai, na kitabu kimelowa jasho lakini kizima.

Rehema alileta kalamu siku ileile. Mzee aliniambia alibisha kweli. Alimwambia yeye ni Mkristo, kitabu si chake, hajui kukisoma hata neno, alikishika tu.

Rehema akamuuliza, "Siku zile kilikuwa kwa nani, Mzee?"

"Kilikuwa kwangu."

"Basi andika."

Nilifungua kifurushi: ndicho kitabu, Rehema amempa akilete kitengenezwe. Jina lake liko ukingoni, wima, kwa herufi za shule ya mapadri zilizosimama sawasawa: Lewopoldi, mjalidi. Na ukurasa unaofuata Rehema ameandika jina lake mara ya pili, kwa sababu kitabu kilikuwa kimemrudia kutoka kwa Mzee.